Waheshimiwa Wote wa Mikwaju Miwili

Mimi ni karani wa masjala, dirisha namba nne, katika Mamlaka ya Heshima Mtandaoni. Nchi yetu sitaitaja jina, kwa sababu barua ya kuomba ruhusa ya kuitaja niliipeleka mwaka juzi na bado inashughulikiwa. Ninayoyasimulia hapa niliyaona kwa macho yangu au niliyapiga mhuri kwa mkono wangu. Mahali ambapo sikuwepo nimetumia taarifa za Bwana Wenseslaus Mbiku, mkaguzi wetu, mtu ambaye hajawahi kuandika uongo isipokuwa pale fomu ilipomtaka.

Mambo yalianza siku ya kuzaliwa ya Waziri. Mheshimiwa Balthazari Mng'ao, Waziri wa Mawasiliano, alitimiza miaka sitini, na kwa kuwa hapendi makuu alirekodi video ya dakika hamsini tu ya kuwashukuru wananchi kwa kuwa naye. Aliituma saa mbili asubuhi. Saa tano akampigia simu mjomba wake, akaambiwa bado haijafika. Akamwita fundi mkuu ofisini kwake.

"Imekwama wapi?" Waziri akauliza.

"Haijakwama, Mheshimiwa. Iko kwenye foleni. Mtandao unapitisha vitu kama vilivyotangulia kuingia. Video yako ni nzito, na ilikuwa nyuma ya picha ya mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

"Wa mtu tu. Anamtangaza, anataka kumuuza."

Fundi mkuu ananiambia alikuwa hajawahi kumwona mtu akiumia kimya kimya namna ile. Mwishowe Waziri akasema taratibu, "Mbuzi wa mtu tu," akageukia dirishani.

Wiki tatu baadaye tulipata Kanuni za Heshima na Utangulizi Mtandaoni. Mamlaka yetu, ambayo zamani iliitwa Mamlaka ya Mawasiliano, ilibadilishwa jina na bango la mlangoni likapakwa rangi upya. Kila kampuni inayouza intaneti nchini iliamriwa kufunga kichujio, kisanduku cha kijivu chenye taa moja, ambacho huuliza kila ujumbe unaopita: wewe ni wa nani? Ujumbe wa kiongozi ulipita Njia ya Waheshimiwa. Ujumbe wa kampuni zilizotia saini mkataba wa urafiki na Wizara ulipita Njia ya Washirika. Sisi wengine wote tulipewa Njia ya Wavumilivu.

Siku ya uzinduzi Waziri alihutubia uwanjani.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo wanaodai kwamba mtandao ni wa wote. Hawajakosea. Hata barabara ni ya wote. Lakini msafara wa kiongozi unapopita, si mnasimama pembeni? Mnasimama juani, mnapata vumbi, watoto wanalia. Serikali yenu imewaonea huruma. Kuanzia leo mtasimama pembeni mkiwa majumbani mwenu, mmekaa kwenye viti."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga makofi mara mbili, kwa sababu nilitumwa pia na mwenzangu wa dirisha namba tano, ambaye alikuwa mgonjwa.

Matokeo yalionekana upesi. Hotuba za Waziri zilifunguka kabla hujamaliza kuzigusa. Kwa upande wa Wavumilivu, mwanafunzi wa chuo aliyefungua ukurasa wa maktaba wakati wa chai aliupata wakati wa chakula cha mchana, na hivyo akajifunza kupanga muda. Gazeti moja lililowahi kuuliza maswali kuhusu vichujio halikuonekana kwenye njia yoyote kati ya zile tatu, na lilipouliza limepangwa wapi, jibu lilitumwa kwa Njia ya Wavumilivu. Naamini liko njiani.

Kampuni sitini na moja zilifunga kichujio ndani ya wiki moja. Ikabaki ya sitini na mbili.

*

Kampuni ya sitini na mbili ilikuwa ya mtu mmoja, Bi Skolastika Nyenza, mama wa makamo wa mji wa Mikwaju Miwili, huko milimani ambako mvua ikinyesha barabara hujiuzulu. Zamani alikuwa fundi redio. Kampuni kubwa zilipokataa kupeleka intaneti kule, eti watu wenyewe ni wachache, Bi Skola aliunganisha mabomba ya maji yaliyotupwa akasimamisha mnara nyuma ya zahanati, na mnara wa pili ng'ambo ya mlima, kwenye hospitali ya misheni. Zahanati, shule mbili, chama cha wakulima wa kahawa na nyumba nyingi za mji zikapata mtandao.

Tulimwandikia kuuliza kwa nini hajafunga kichujio. Jibu lake lilifika dirishani kwangu kwenye karatasi ya daftari la hesabu, kwa mwandiko mzuri uliolala kidogo. Nanukuu:

"Mimi kazi yangu ni kubeba. Mtu akinipa ujumbe naupeleka kule anakotaka. Sifungui mizigo ya watu kuona nani kaandika nini. Kisanduku mlichonitumia nilikifunga, kikaanza kuuliza cheo cha kila mtu, mtandao ukalala siku mbili, kwa sababu hapa hatuna mwenye cheo. Nimekifungua na kukihifadhi mahali pakavu. Mje mkichukue. Wenu, S. Nyenza."

Waziri aliisoma barua hiyo mara tatu. Iliyomchoma zaidi ni ile sentensi ya "hapa hatuna mwenye cheo". Alisema ni uchochezi, maana mji mzima hauwezi kukosa mwenye cheo isipokuwa kwa makusudi. Akaagiza Bwana Mbiku aende akaufunge mnara siku hiyo hiyo.

Bwana Mbiku alikuwa mwembamba, mpole, na alikuwa ameitumikia serikali miaka thelathini bila kupandishwa cheo wala kulalamika. Nakala yake ya Kanuni aliifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowane. Kabla ya kuondoka alikuja dirishani kwangu kutia saini kufuli la serikali.

"Na ufunguo?" akaniuliza.

"Ufunguo unabaki hapa. Utaratibu unasema mkaguzi apewe kufuli. Haukutaja ufunguo."

"Nikikosea kufunga je?"

"Usikosee, Bwana Mbiku."

Alitia saini, akaliweka kufuli mfukoni mwa koti, na koti likalalia upande mmoja.

*

Safari ilimchukua siku nzima na nusu ya siku ya pili. Kilomita nne za mwisho alizitembea kwa miguu, viatu mkononi, kwa kuwa daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Alipoingia Mikwaju Miwili aliuliza nyumba ya Bi Skola, akaelekezwa zahanati.

Alimkuta amesimama nje ya chumba cha wazazi, ameshika waya kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine. Ndani, muuguzi pekee wa zahanati, Sista Devota, alikuwa na mama mmoja aitwaye Zamoyoni aliyekuwa akijifungua. Mtoto alikuwa ametanguliza matako. Daktari alikuwa ng'ambo ya mlima, hospitali ya misheni, na gari la wagonjwa lisingeweza kuvuka. Daktari alikuwa akimwona mgonjwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya dawa, na kumwelekeza Sista la kufanya.

"Mimi ni mkaguzi kutoka Mamlaka," Bwana Mbiku akasema kwa sauti ya chini. "Nimetumwa kufunga mnara."

"Mnara uko nyuma hapo," Bi Skola akamjibu bila kumtazama. "Ukiufunga sasa hivi, daktari anapotea."

"Kanuni inanitaka nifunge mara tu nikifika."

Bi Skola akageuka, akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye miguu yenye matope. "Umeshafika?"

Bwana Mbiku angeweza kujibu ndiyo. Lakini ni mtu makini. Alifungua mfuko wa nailoni, akatafuta ukurasa, akasoma kwa kidole. "Hapa wanasema mkaguzi atahesabiwa amefika pale atakapopokelewa rasmi na mwenye leseni."

"Mimi sijakupokea."

"Hujanipokea," Bwana Mbiku akakubali. "Basi sijafika."

Akaketi kwenye benchi la wagonjwa, kufuli mapajani, na kwa muda wa saa mbili na dakika arobaini hakuwa amefika. Sauti ya daktari ilimfikia kupitia dirishani, wazi kana kwamba yumo ndani. "Usimvute, Sista. Ondoa mikono. Mwache ashuke mwenyewe. Vizuri. Sasa subiri." Kimya. Bwana Mbiku anaandika katika taarifa yake kwamba wakati wa kimya hicho aligundua ameshika kufuli kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kikombe cha moto.

"Kile kichujio," akamuuliza Bi Skola, "mlipokuwa nacho zile siku mbili, ilikuwaje?"

"Siku ya kwanza ilikuwa kero tu, watu walikuja kunitukana. Siku ya pili aliletwa mzee Kibonde, ameumwa na nyoka. Devota akampigia daktari huyu huyu, amwonyeshe jeraha. Kisanduku kikauliza cheo cha Devota. Picha ilifika ng'ambo siku ya Alhamisi."

"Na mzee?"

"Tulimzika Jumatano."

Bwana Mbiku akaliinamia kufuli. Kanuni zile aliziandika yeye, kwa maana kwamba Waziri alikuwa akitembea chumbani akisema na yeye akipiga chapa. Siku ile alikuwa amesahihisha makosa ya tahajia, akajisikia amefanya kazi nzuri.

Ndani mtoto akalia. Sista Devota akatoka na kanga yake imeloa, akakaa chini mlangoni, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Nina taarifa hiyo hapa mbele yangu. Inasema: "Saa tisa na dakika kumi, mtoto wa kike, mama mzima. Saa tisa na robo, nikapokelewa na mwenye leseni kwa chai. Nikafika."

*

Sasa alikuwa amefika, na kazi ilikuwa palepale. Alinywa chai yake polepole. Alipomaliza akaomba chai nyingine, jambo ambalo wanaomfahamu wanasema si kawaida yake.

"Bi Skola," akasema, "nikirudi bila kufunga, nitafukuzwa, na Waziri atamtuma mwingine. Huyo mwingine atakuwa na kufuli na hatasoma Kanuni."

"Kwa hiyo utafunga."

"Natafuta namna ya kutekeleza." Akafungua tena ule mfuko. "Kanuni ya pili inasema Mheshimiwa ni mtu yeyote aliye mjumbe wa kamati, bodi, tume, baraza, jopo au kikosi kazi kilichoundwa chini ya Kanuni hizi. Waziri aliirefusha hivyo ili ndugu zake wote waingie. Na kanuni ya kumi na nne inampa mkaguzi uwezo wa kuunda kamati ya ushauri mahali popote anapokagua."

"Kamati ya watu wangapi?"

"Hapo ndipo nilipokuwa naangalia," Bwana Mbiku akasema, na kwa mara ya kwanza katika siku mbili akatabasamu. "Hakuna idadi. Nilipiga chapa mwenyewe, nakumbuka. Waziri alipofika hapo aliletewa chakula."

Kesho yake meza iliwekwa nje ya ofisi ya chama cha kahawa na mji mzima ukapanga mstari. Bwana Mbiku aliandika majina, Bi Skola akagawa namba. Mzee mmoja aliuliza kama uheshimiwa unahitaji suti. Akaambiwa hapana. Mwingine alitaka kujua kama mheshimiwa bado anaruhusiwa kulima. Bwana Mbiku alipitia Kanuni zote akamjibu kwamba hakuna palipokataza, ingawa si desturi. Yule mtoto wa jana, ambaye hakuwa amepewa jina, aliandikwa Mheshimiwa Mtoto wa Zamoyoni, mjumbe asiyepiga kura.

Jioni Kamati ya Ushauri wa Mtandao ya Mikwaju Miwili ilikuwa na wajumbe elfu tatu mia moja kumi na wanane, na Bi Skola akawa katibu. Kichujio kikatolewa mahali pakavu, kikafungwa kwenye mnara mbele ya mashahidi. Kiliuliza kila ujumbe ni wa nani, kikajibiwa kila mara kwamba ni wa Mheshimiwa, na kikaupitisha. Mtandao ulikwenda kama ulivyokuwa ukienda siku zote.

Taarifa ilifika dirishani kwangu ikiwa na ukurasa mmoja wa maelezo na kurasa themanini za majina. Mwisho wa ule ukurasa mmoja paliandikwa: "Mtoa huduma ametekeleza Kanuni kwa asilimia mia moja." Nikapiga mhuri. Waziri alisoma sentensi hiyo, akafurahi, akasema wachochezi wote mwisho wao ni huo. Kurasa za majina aliziona ni nyingi, na wingi wa kurasa ulimtia imani.

*

Wakaguzi wengine walikuwa na matatizo yao, kila mmoja na mji wake unaolalamika. Walimuuliza Bwana Mbiku alifanyaje, naye, kwa kuwa hajui kuficha, akawaeleza. Fomu za kuunda kamati zikaisha ghalani, zikachapwa nyingine, zikaisha. Ndani ya miezi minne, katika nchi ya watu milioni tisa, tulikuwa na waheshimiwa milioni nane na laki tisa na ushee. Mimi mwenyewe ni mjumbe wa Jopo la Madirisha.

Maisha yakawa na adabu kubwa. Nilimsikia muuza nyanya sokoni akimwambia mteja, "Mheshimiwa, usizibonyeze." Mteja akajibu, "Nimekusikia, Mheshimiwa," akaendelea kuzibonyeza.

Tatizo lilimpata Waziri. Alirekodi ujumbe wa Siku ya Mbolea Kitaifa, akautuma asubuhi kama kawaida yake, na ukafika siku mbili baada ya mbolea kusherehekewa. Fundi mkuu akaitwa tena.

"Niko Njia ya Waheshimiwa au siko?"

"Uko, Mheshimiwa. Na wenzako wote wamo humo."

"Wenzangu gani?"

Fundi mkuu akamwonyesha orodha. Waziri alipitisha kidole, akamkuta Mheshimiwa kinyozi, Mheshimiwa mpishi wa gereza, na kwenye ukurasa wa nne akamkuta yule mtu wa mbuzi.

"Na hizo njia nyingine?"

"Washirika nao wamejiunga na kamati, wako humo humo. Njia ya Wavumilivu iko tupu. Kuna mzee mmoja tu aliyekataa uheshimiwa. Anasema tangu azaliwe hajaona mtandao wenye kasi namna hiyo."

Waziri alisimama, akatembea chumbani mara mbili. "Mimi," akasema, "sijawahi kuwasahau wananchi wa kawaida."

*

Alikuja dirishani kwangu siku ya Jumatatu kuomba Hati ya Mwananchi wa Kawaida, kwa madhumuni ya mtandao tu. Hati hiyo ilikuwa haijawahi kuombwa na mtu, ikabidi tuitungie utaratibu. Nilimpa fomu. Nikamwambia alete barua ya mwenyekiti wa mtaa, picha tatu ndogo, na arudi kesho.

Kesho yake alirudi. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amekataa kumwandikia barua, kwa sababu hakuwa amewahi kumwona. Nikamweleza kwamba badala ya barua tunaweza kumfanyia usaili mfupi.

"Maji yanatoka siku gani mtaani kwako?"

"Kila siku," akasema Waziri.

Nikaweka alama ya kukosa. "Mara ya mwisho ulipoomba huduma katika ofisi ya serikali, uliambiwa nini?"

"Sijawahi kuomba. Huwa wananiletea."

Nikaweka alama nyingine. Nilitaka sana afaulu, kwa sababu namheshimu. Nikamwambia ofisa anayetia saini ametoka kidogo, akae pale kwenye benchi. Alikaa saa nne. Saa ya kwanza alitazama saa yake. Saa ya pili alipiga simu, hazikupatikana. Saa ya tatu alianza kuzungumza na mama aliyekaa jirani yake, aliyekuwa akifuatilia faili la mume wake marehemu tangu mwaka uliopita, na wakagawana karanga. Nilipofunga dirisha nikamwambia ofisa hatarudi leo, aje keshokutwa.

"Sawa," akasema Waziri. "Asante sana."

Hapo nikajua amefaulu. Nikagonga mhuri, nikampa hati namba moja. Kuanzia hapo kila ujumbe wake ulitoka na alama ya daraja lake: MWANANCHI.

Ujumbe wa kwanza alioutuma kwa njia hiyo ulikuwa amri. Alikuwa amefuatilia kamati zote hadi zilikoanzia, akazisoma kurasa themanini, na sasa alitaka leseni ya Bi Skola ifutwe, mnara ung'olewe na Bwana Mbiku asimamishwe kazi. Amri za karatasi zilikuwa zimepigwa marufuku na yeye mwenyewe kwa ajili ya maendeleo. Ujumbe ulitumwa saa nne na dakika sita na ukafika masjala saa nne na dakika sita. Kasi hiyo ilitufurahisha wote.

Nikauangalia. Utaratibu unakataza karani kutazama jina la mtumaji kabla ya kutazama daraja, ili kusiwe na upendeleo. Daraja lilikuwa MWANANCHI. Ujumbe wa mwananchi unaotaka mtu mwingine aadhibiwe huitwa lalamiko. Nikauweka kwenye malalamiko, nikaupa namba, nikamjibu saa ile ile: "Ndugu mwananchi, lalamiko lako limepokelewa. Litashughulikiwa ndani ya siku tisini za kazi. Usitume tena lalamiko hilo hilo, utalichelewesha."

Alituma tena. Nikaanza kuhesabu siku upya, kama utaratibu unavyotaka.

Wiki iliyofuata akaja mwenyewe.

"Bwana Mshamu," akasema, kwa kuwa sasa alikuwa analijua jina langu, "unanifahamu mimi ni nani?"

"Nakufahamu vizuri, mzee wangu. Karibu. Una namba ya lalamiko?"

"Mimi ni Waziri wako."

"Ni kweli. Ila hapa kwenye mashine wewe ni mwananchi, na mimi nikifuata ninavyokufahamu badala ya ninavyokusoma, nitakuwa nimevunja Kanuni zako."

Alishika kingo za dirisha. Nilimwonea huruma, nikamsogezea kiti.

"Basi nirudishie uheshimiwa wangu."

"Uheshimiwa unatolewa na kamati. Kamati zote za mjini zimejaa. Ninayoijua mimi yenye nafasi ni moja, na iko mbali kidogo." Nikamwandikia anuani kwenye kikaratasi. Aliisoma: Katibu, Kamati ya Ushauri wa Mtandao, Mikwaju Miwili.

Alikikunja kile kikaratasi, akaondoka. Jioni ya siku ile mwenzangu wa dirisha namba tano alimwona amekaa ndani ya gari lake, anaandika kwa simu, anafuta, anaandika tena.

Bi Skola alimjibu siku hiyo hiyo. Aliandika: "Ombi lako limefika. Hapa tunayachukua kama yalivyoingia. Mbele yako yuko mtu mmoja tu, bibi anayehamia kwa mwanawe. Wewe ni wa pili. Karibu."

*

Hati namba moja ilizaa namba mbili, kwa kuwa mawaziri wengine walisikia kuhusu ile kasi. Mwezi mmoja baadaye Baraza zima lilikuwa wananchi wa kawaida, na wasaidizi wao, na wake na waume zao. Njia ya Wavumilivu ikajaa. Malalamiko ya Baraza yalirundikana masjala, yote yakiwa na namba. Salamu za Mwaka Mpya za Mkuu wa Nchi zilitufikia mwezi wa tatu, na alipouliza ni nani aliyehusika, swali lake lilitufikia mwezi wa nne.

Kukaitishwa mkutano wa waandishi wa habari. Mheshimiwa Mng'ao, ambaye kamati ya Mikwaju Miwili ilikuwa imempokea Jumanne moja baada ya yule bibi, alisimama mbele ya vinasa sauti na kutangaza Kanuni mpya.

"Baada ya utafiti wa kina," alisema, "wataalamu wangu wamebuni mfumo wa kisasa kabisa, ambao haujawahi kujaribiwa mahali popote. Mtoa huduma atabeba ujumbe wa kila mtu kwa namna moja, kama ulivyoingia, bila kumuuliza mwenyewe ni nani. Tumeupa jina la Usawa. Naomba mniwie radhi, ni mambo ya kitaalamu, mtayazoea."

Tulipiga makofi. Vichujio vikakusanywa kutoka kampuni zote sitini na mbili. Bwana Mbiku, ambaye lalamiko dhidi yake bado lilikuwa na siku arobaini na moja mbele, alitumwa kuzunguka nchi kukagua kama Kanuni mpya zinatekelezwa.

Mikwaju Miwili alifika wakati wa kiangazi, daraja limeshajengwa. Alikagua mnara, akakagua waya, akaomba kumbukumbu. Kisha akakaa kwenye benchi la zahanati na fomu yake, akasita kwa muda mrefu.

"Kuna nini?" Bi Skola akauliza.

"Kuna tatizo. Nimekuta umetekeleza Kanuni."

"Si ndivyo mnavyotaka?"

"Kanuni zimeanza mwezi uliopita. Kumbukumbu zako zinaonyesha ulianza kutekeleza tangu siku uliposimamisha mnara, miaka saba iliyopita. Fomu ina kipengele. Kutekeleza bila idhini." Alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Itabidi nikupe onyo la maandishi."

"Kwa kutii sheria kabla hamjaitunga."

"Ndiyo. Kwa miaka saba."

Bi Skola aliichukua ile karatasi, akaisoma hadi mwisho bila haraka, akamgeuzia.

"Nitie saini wapi?"